Kulinganisha matoleo ya pikapu ya umeme: anzia bodini, kwenye pete za kufungia mzigo

Muuzaji wa magari hukufungulia mlango wa dereva kwanza. Anakuonyesha skrini, viti vya ngozi, kamera za kila upande, na ukishuka hapo tayari umesadiki kwamba toleo la bei ya juu ndilo gari lenyewe. Ila hapa Kenya, kwa mtu anayebeba viazi kutoka Molo, samaki kutoka Dunga au saruji kwenda Mumias, ukaguzi unafaa uanzie nyuma. Bodi ndiyo inayokulipa. Na kwenye pikapu za umeme, toleo ghali mara nyingi ndilo lenye bodi isiyofaa kazi: vifaa vya ziada vinaongeza uzito wa gari na kupunguza kilo unazoruhusiwa kubeba, na mapambo ya bodi yanaziba mahali ambapo kamba ingefungwa.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye dizeli hajazoea. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote papo hapo, kwa hiyo ukikanyaga, mzigo unasukumwa nyuma kuelekea mlango wa bodi. Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta inayorudisha umeme kwenye betri (ndiko kujichaji), gari linapunguza mwendo bila breki, na mzigo unasukumwa mbele. Hilo linatokea mara nyingi sana katika safari moja. Mzigo uliokuwa ukitulia kwenye pikapu yako ya zamani kwa uzito wake tu, huku utalegea. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye pete na mikanda kuliko kwenye kasi na redio.

Hatua ya 1: Ondoa magari yasiyoweza kusajiliwa hapa

Gari la kawaida linaloingia Kenya lazima usukani uwe kulia, na likiwa la mtumba lisizidi miaka 8. Sharti la usukani pekee linaondoa pikapu za umeme zinazosifiwa zaidi mtandaoni: Ford F-150 Lightning, Tesla Cybertruck, Chevrolet Silverado EV na Rivian R1T, zote zimeundwa usukani ukiwa kushoto. Zisome kwa kujifunza, usizitumie kama kipimo cha bei.

Zenye usukani kulia, ambazo zinauzwa Uingereza, Thailand, Australia au New Zealand, ndizo za kuweka kwenye daftari: Isuzu D-Max EV, Toyota Hilux ya umeme, Maxus T90EV ambayo Australia inaitwa LDV eT60, na Riddara RD6. Jina la toleo halitoshi. Toleo lenye jina lilelile Thailand na Uingereza linaweza kuwa na vifaa tofauti kabisa, kwa hiyo omba nambari ya chasi na karatasi ya vifaa ya gari hilohilo unalotaka kununua, na linganisha kwa karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta kilo halisi, kisha toa watu

Tangazo huandika uzito wa mzigo wa toleo jepesi kuliko yote. Wewe angalia kibati cha uzito, ambacho mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango: kina uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na mzigo, na uzito wa juu wa kila ekseli. Toa uzito wa gari tupu la toleo lako. Kinachobaki ndicho cha kubeba, na humo wamo watu, maboksi ya vifaa, turubai na keria.

Chukua mifano mitatu. D-Max EV ina betri ya kWh 66.9 (kWh moja ni yuniti moja ya umeme) na inabeba takribani kilo 1,010. Maxus T90EV ina betri kubwa zaidi, kWh 88.5, na inabeba tani moja. Hilux ya umeme iliyotangazwa mwishoni mwa 2025 ina kWh 59.2 na inabeba karibu kilo 715. Dereva na taniboi tuwahesabie kilo 145. Gunia la viazi, kwa kanuni za 2019, ni kilo 50. D-Max inabakiwa na kilo 865, yaani gunia 17. Hilux inabakiwa na 570, gunia 11. Tofauti ya gunia sita kila safari ni kubwa kuliko tofauti yoyote utakayoiona ndani ya kebini. (Hesabu za Ulaya huwa tayari zimemweka dereva wa kilo 75 kwenye uzito wa gari tupu. Mtoe hata hivyo. Nafasi hiyo utaishukuru siku gunia limelowa mvua.)

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kila toleo la gari moja. Magurudumu makubwa, paa la kioo, viti vya mota, kifuniko cha bodi, vyote vinapimwa kwa kilo. Ukitaka keria nzito ya chuma ya kuchomelewa, ihesabu kama gunia moja au mawili ambayo hutayabeba tena.

Usisahau ekseli ya nyuma. Kwenye dabo kebini bodi ni fupi na sehemu yake kubwa iko juu ya ekseli au nyuma yake. Unaweza kuwa ndani ya kilo za jumla na bado umezidisha ekseli, hasa mzigo mzito ukisukumwa mlangoni.

Hatua ya 3: Piga magoti ukague pete

Hapa chukua muda. Fungua mlango wa bodi, panda, piga magoti, uishike kila pete kwa mkono.

Kwanza mahali zilipo. Pete za sakafuni, kwenye pembe nne, ndizo za kazi nzito, kwa sababu mkanda ukivuta kuelekea chini unaubana mzigo kwenye sakafu. Pete zilizo juu ukingoni ni za turubai na wavu. Zilizo katikati ya ukuta zinasaidia vitu virefu kama friji au pikipiki. Ukikuta toleo lina pete nne lakini zote ziko juu, hilo ni toleo la kubebea baiskeli.

Pili, zimeshikwa na nini. Itikise. Tazama chini ya bodi kama kuna bamba la chuma nyuma ya bolti au ni bati tupu la ukuta. Pete iliyofungwa kwenye bati tupu itang'oka na kipande cha bodi. Kitabu cha gari kinataja kilo ambazo kila pete inastahimili. Nambari hiyo iandike kwenye daftari, na muuzaji asiyekuwa na kitabu mwambie akitafute kabla hamjazungumza bei.

Tatu, ndoano yako inaingia? Beba mkanda wako wa racheti. Kuna pete nene au zilizolala ndani ya kishimo ambazo ndoano ya kawaida haizami, inakaa kwenye ncha tu. Ndoano ikikaa kwenye ncha, barabara ya mawe itaichomoa.

Nne, zimefunikwa na nini. Plastiki ya kulinda sakafu ya bodi wakati mwingine hufunika pete za sakafuni, na anayeiweka hakati matundu. Kifuniko cha kujikunja cha matoleo ya juu kina boksi lake mbele ya bodi, ambalo linakula urefu na kuzuia mkono kufikia pete za mbele. Na ndoano za nje, zile za chini ya ukingo ambazo taniboi anazungushia kamba ya turubai, hupatikana zaidi kwenye matoleo ya kazi. Kwenye toleo la kifahari hutazikuta, na utakapofunika mahindi mvua ikianza huna pa kufungia.

Reli zenye pete za kuteleza zinapendeza, na zinafaa kweli kwa mtu anayebeba kitu tofauti kila siku. Cybertruck ina reli kama hizo kando ya bodi. Ziulizie nguvu kwa kila upande, kwa maana reli inayostahimili kuvutwa upande mmoja inaweza kuwa dhaifu ikivutwa kwenda juu. Mimi ningelipia pete mbili za ziada za sakafuni kabla ya kulipia skrini kubwa, na singesita.

Hatua ya 4: Hesabu nguvu unayohitaji

Kanuni za Marekani na kiwango cha Ulaya zinakubaliana katika jambo hili: mzigo uzuiwe kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea kando na nyuma. Marekani huongeza kwamba jumla ya nguvu za mikanda isipungue nusu ya uzito wa mzigo, na kwamba mzigo wa hadi futi 5 usiozidi kilo 500 hivi unahitaji angalau mkanda mmoja. Ukizidi uzito huo, au ukiwa wa futi 5 hadi 10, angalau miwili. Kwetu ni kipimo kizuri cha kufuata hata kama hakuna anayekuuliza barabarani.

Tuseme unabeba injini ya posho mill yenye kilo 300. Mbele unahitaji kuzuia kilo 240, kando na nyuma kilo 150. Iegemeze kwenye ukuta wa mbele wa bodi, na sehemu kubwa ya ile 240 imebebwa na ukuta. Nyuma na kando ni kazi ya mikanda. Msuguano unasaidia: mkeka wa mpira unaweza kushikilia takribani asilimia 60 ya uzito, lakini plastiki iliyolowa maji ya samaki hesabu sifuri.

Soma lebo ya mkanda. Ya bluu maana yake ni poliesta. LC ni nguvu ambayo mkanda unastahimili ukivutwa moja kwa moja, kwa daN, na daN moja ni kama kilo moja. STF ni nguvu ambayo racheti inabakisha baada ya kuikaza kwa mkono. Mkanda unaopita juu ya mzigo unafanya kazi kwa kubana, na kubana kunatokana na STF. Watu wengi hununua kwa kuangalia LC kubwa halafu wanashangaa mbona gunia zimeteleza.

Pembe ya mkanda nayo inaamua. Ukishuka wima kutoka juu ya mzigo hadi kwenye pete, nguvu yote inabana. Ukilala kwa pembe ya digrii 30 na sakafu, inabaki nusu. Ndiyo sababu mifuko ya saruji iliyopangwa chini katikati ya bodi inasumbua kuliko gunia zilizofika ukingoni: mkanda unalala. Ipange ikigusana na kuta, ziba mianya kwa mbao, weka mkeka chini.

Na pete ya kilo 250 iliyofungiwa mkanda wa kilo 1,000 ni kifungio cha kilo 250.

Hatua ya 5: Jaribu kwa mzigo wako

Peleka futi kamba. Pima urefu wa sakafu mlango ukiwa umefungwa, upana kati ya matao ya magurudumu, na kimo cha ukuta. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ni mita 2.44 kwa 1.22, na pikapu nyingi za tani moja zina chini ya mita 1.22 kati ya matao, kwa hiyo haitalala chini. RD6 ina bodi ya mita 1.525 kwa 1.45 na kimo cha sentimita 54. Ni nzuri kwa kreti, ni fupi kwa mabati. Silverado EV inafaa kutazamwa kwa jambo moja: matoleo yake ya RST yana ukuta wa nyuma ya kebini unaofunguka ili kitu kirefu kipenye hadi ndani, lakini toleo la kazi, WT, halina. Kumbe wakati mwingine toleo la juu linaongeza kitu cha kazi. Uliza kila mara, usikisie.

Ukiruhusiwa, pakia kabisa. Gunia za viazi zilaze mstari wa kwanza vichwa vikielekea mbele, zikisukumana na ukuta wa mbele. Mstari wa pili uvuke ule wa kwanza ili zifungane. Kati ya gunia za nyuma na mlango usiache mwanya. Mkanda mmoja upite juu ya theluthi ya mbele, mwingine theluthi ya nyuma, kila mmoja kutoka pete ya sakafuni upande huu hadi upande ule. Uvute mkono ukaze kwanza, ndipo utumie racheti, na mkanda uzunguke kwenye mhimili wake mara mbili au tatu hivi. Usichomeke bomba kwenye mkono wa racheti ili kuongeza nguvu. Utaharibu racheti au utang'oa pete. Mkia wa mkanda ufunge, usiuache upigwe na upepo.

Kreti za nyanya ziwekee mbao pembeni juu, la sivyo mkanda utavunja kreti ya juu na kuponda nyanya zake. Omena iliyokauka ni nyepesi na inajaa, ifunike kwa wavu uliofungwa pande nne. Pikipiki hufungwa kwa mikanda minne, miwili ya mbele ikivuta chini hadi shokabsoba zishuke nusu. Kwa mtungi wa gesi, simamisha wima ufunge mwilini, usifunge kwenye vali.

Blada ibaki kwa boda boda. Mpira unanyooka, na kitu kinachonyooka hakizuii uzito. Kamba ya katani nayo hulegea ikilowa na kukauka.

Baada ya kufunga, endesha kilomita chache. Weka nguvu ya kujichaji kwenye kiwango cha juu kabisa, ongeza mwendo, achia pedali ghafla mahali salama, kisha simama ukague. Gunia zitakuwa zimeshuka na mkanda umelegea. Ndivyo ilivyo kwa viazi. Kaza tena. Toleo linalokuwezesha kupunguza nguvu ya kujichaji na lenye hali ya kuendesha kwa upole lina thamani halisi kwa mbeba mizigo.

Hatua ya 6: Kabla fundi hajatoboa

Tumezoea kununua pikapu Jumatatu na Jumanne iko kwa fundi wa jua kali inachomelewa keria na pete mpya. Kwa gari la umeme, simama kidogo. Chini ya sakafu kuna betri na nyaya za rangi ya chungwa zenye volti za kuua. Kuchimba tundu bila kujua kilicho chini kunaweza kuua mtu, na umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta za gari.

Chagua toleo ambalo tayari lina matundu ya bolti ya kiwandani, hata kama pete zake hazijawekwa. Fundi afunge kwa bolti kwenye matundu hayo, na bamba pana nyuma. D-Max EV imejengwa kwenye chasi kama D-Max za dizeli tunazozijua. RD6 haina chasi ya namna hiyo. Bodi na kebini ni mwili mmoja, na kuikata ni kugusa uti wa gari.

Hatua ya 7: Soketi na chaji

Hapa matoleo ya chini hukatwa kimyakimya. Tesla ilipotoa Cybertruck ya bei nafuu yenye mota ya nyuma pekee mnamo 2025, iliondoa soketi za bodini, kifuniko cha bodi kinachoendeshwa na mota na springi za hewa. Ford nayo iliipa Lightning ya Pro na XLT umeme wa kutoa wa kW 2.4, na Lariat na Platinum kW 9.6. RD6 inaweza kutoa kW 6. Kama utawasha pampu Ahero au friza ya samaki Dunga, soketi ni kifaa cha kazi na inafaa kulipiwa. Kumbuka mota ya pampu huvuta mara kadhaa ya nguvu yake inapowaka, na hakikisha soketi ni ya volti 240.

Kuhusu kuchaji, uliza kama tundu ni Type 2 (la chaji ya kawaida) na CCS2 (la chaji ya haraka). Gari lililotengenezwa kwa soko la China huwa na tundu la kiwango cha huko, GB/T, na kutegemea adapta kila siku ni usumbufu. Bei maalumu ya magari ya umeme iliyoanza Kenya Power mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Betri ya kWh 66.9 kwa bei hiyo ya usiku ni kama shilingi 535, ongeza tozo na umeme unaopotea wakati wa kuchaji.

Hatua ya 8: Pima na milima yetu

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Nakuru inapanda Mau hadi zaidi ya mita 2,400. Gari na mzigo wa tani 3.2 likiinuliwa mita 1,300 linatumia zaidi ya kWh 11 kwa kuinuka tu, kabla ya upepo na tairi. Hiyo ni sehemu moja ya sita ya betri ya D-Max EV, ambayo kwa kipimo cha Ulaya inakwenda kilomita 263. Hilux ni kama 240. Ukiwa umejaza, panga mahali pa kuchaji njiani kabla hujatoka. Mzigo mrefu juu ya keria unaongeza upepo; mwendo wa 80 unaokoa chaji nyingi kuliko kuzima kiyoyozi.

Kuteremka kuna hila yake. Ukichaji hadi asilimia 100 ukiwa Molo kisha ukateremka Sachang'wan kwenda Salgaa, betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo mota haisaidii kupunguza mwendo na breki zinabeba kazi yote, ukiwa na tani ya viazi mgongoni. Toka na asilimia 85 au 90. Toleo linalokuruhusu kuweka kikomo cha chaji lina faida hapo. Kaza mikanda kabla ya mteremko, si baada yake. Kwa wa Nyando na Kano kwenye mafuriko, linganisha pia kina cha maji ambacho gari linaweza kuvuka: D-Max EV imepimwa sentimita 60, Hilux 70.

Hatua ya 9: Bei kwa kilo, kisha mkataba

Chukua bei ya kila toleo likiwa limefika na kusajiliwa, ongeza gharama ya kile kinachokosekana, pete, mkeka wa mpira, mikanda, turubai, kisha gawanya kwa kilo zilizobaki baada ya kutoa watu. Utapata shilingi kwa kilo ya mzigo. Kwa anayebeba kitu kilekile kila siku, toleo la chini lenye pete nzuri za sakafuni hushinda karibu kila mara. Anayehitaji soketi au reli aweke bei ya jenereta asiyoinunua upande wa pili wa hesabu.

Ukikubaliana, orodhesha kwenye mkataba: nambari ya chasi, jina kamili la toleo, kilo za mzigo kwenye kibati, idadi ya pete za sakafuni na nguvu ya kila moja, aina ya tundu la chaji, nguvu ya soketi za bodini, na waya wa kuchaji unaokuja na gari. Muuzaji asaini mbele ya kila kipengele. Siku ya kulichukua, nenda na mkanda wako na karatasi hiyo, na uhesabu pete kabla hujamaliza kulipa.